Mama, Flashi Yako Inataka Niifomati

Mama yangu uliyelala makaburini Rusimbi,

Nakuandikia ili mikono iwe na kazi, maana nikiiacha hivi hivi itabonyeza nisichotaka. Ile flashi yako nyekundu, uliyokuwa ukiichomeka kwenye redio pale kibandani kwako sokoni Mwanga, imegoma kufunguka. Nimenunua kompyuta mpakato mpya, nikasema kitu cha kwanza kuingia humo kiwe sauti yako. Nilipoichomeka yalitokea maandishi kwamba haisomeki, niifomati kwanza ndipo itumike. Chini yake nikubali au nikatae, na mshale umekaa palepale pa kukubali. Nimeondoa mkono kama niliyegusa sufuria ya moto.

Unajua kwetu fomati ni dawa ya kila ugonjwa. Simu ikiwa nzito, fomati. Mama Asha jirani, niliyemwonyesha kwa kukosa wa kumlilia, ameniambia nikubali tu, itarudi kama mpya. Ndiyo hofu yangu, Mama. Ikiwa mpya itakuwa tupu, na wewe umo humo.

Hata mimi sikujua mpaka juzi. Mdogo wangu Neema ndiye aliyenieleza kwamba siku alipokuja kukuwekea kwaya mpya, ulimwambia akurekodi na wewe, nije nisikilize nikirudi kutoka Tabora. Akarekodi kwa simu, akahamishia kwenye flashi, kisha ukaugua na mengine yote yakasahaulika. Simu yake ilizama ziwani pale Katonga alipokuwa akigombea dagaa. Basi hakuna nakala nyingine. Picha zako ninazo tele, lakini siku hizi nikijaribu kuikumbuka sauti yako inakuja ya kwangu. Hilo linanitisha kuliko siku tuliyokuzika.

Ngoja nijaribu tena.

Nimerudi, Mama. Nimebadilisha tundu, maneno yaleyale. Nimezima kompyuta na kuiwasha, yaleyale. Nimeipeleka stesheneri hapo barabarani, nimeikumbatia kiganjani kama kifaranga, na kwenye kompyuta yao haikuonekana kabisa. Nimerudi nyumbani nikilia njiani bila aibu. Nilipoitazama vizuri mezani nikaona rangi ya mawese kwenye lile bati la mbele. Nani mwingine angempimia mteja mawese, kisha akabadilisha wimbo kwa vidole vilevile? Nilikuwa nikikugombeza, nawe unaniuliza, "Si inaimba?" Nimeifuta kwa pamba na spiriti, nikaiacha ikauke.

Bado ikataka niifomati.

Hapo ndipo nilipokumbuka kile kitambaa chako. Redio ilipoanza kukatakata ulikunja kipande cha kitenge, ukakipachika chini ya flashi ili iinuke kidogo, kisha ukaniamuru niishikilie hivyo mpaka wimbo uishe. Nilinuna sana, wateja wakiniona nimesimama pale kama mlinzi wa redio. Basi nimekunja ncha ya khanga yangu, nimeipachika, nimeinua kidogo tu. Mafaili yakatokea. Nilinakili yote huku nimeishikilia, naogopa hata kupiga chafya.

Lako limeandikwa "Mama". Nilikaa kitambo kabla ya kulifungua, maana niliogopa kukuta mkwaruzo mtupu.

Kwanza yalisikika makofi, yale ya polepole ya salamu za Kiha. "Mwakeye," ukasema, kisha kimya. Nikadhani imekatika, nikaushika tena ule mkunjo wa khanga ingawa nilikuwa nimeshanakili. Ukapiga makofi, ukauliza habari za nyumbani, kimya tena. Ukauliza habari za watoto. Kimya kirefu zaidi, na mwishoni mwake ukasema "eee" ya mtu aliyejibiwa vizuri. Ulikuwa unanisalimu kama tulivyosalimiana siku zote, mmoja anauliza, mwenzake anaitikia, hakuna wa kumkimbiza mwingine. Neema alichoka kushika simu. Namsikia akikuambia uendelee tu na maneno yako, simu haijibu.

"Subiri," ukamwambia. "Bado anaitikia."

Nimeisimamisha hapo, Mama. Sijui umeniachia maneno gani mbele, na bado naogopa, kwa sababu nikishayasikia yote hutakuwa na jipya la kuniambia. Lakini sitakuacha unangoja. Nimepiga makofi peke yangu hapa mezani, nimeitikia kila uliloniuliza. Nyumbani kwema. Watoto wazima, wa mwisho anatembea. Mimi nimechoka kidogo, ila nipo.

Nimemaliza kuitikia. Endelea, nakusikiliza.

Ni mimi,
binti yako mkubwa