Kompyuta ya Nyambura Ilivyokataa Kuwaka

Nakuru, Jumatano

Baba Nyambura,

Pokea salamu zangu, na uwapatie ng'ombe zao, maana najua ni wewe unaamka nao. Mgongo unaendeleaje na hiyo baridi ya Molo? Unavaa ile sweta nilikufumia ama umeitandikia kuku? Sisi ni wazima, Mungu ametuweka, lakini mimi moyo haujatulia tangu jana. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu nitaanza kulia, na Nyambura amenikataza kulia tena. Dereva wa lori la viazi atakuletea.

Unajua ile kompyuta tuliuza mtamba ndio inunuliwe. Mtoto wako hakuinunua ikiwa nzima, alikuwa analeta kipande kwa kipande na kuunganisha mwenyewe hapa mezani. Jumapili ikawaka. Upande mmoja ni kioo kitupu, na ndani taa zinazunguka kama za kanisa wakati wa Krismasi. Na jana saa nane mchana alikuwa na mtihani wa kazi, wa kufanywa kwa hiyo hiyo kompyuta. Akipita anaandikwa kazi, akichelewa jina linafutwa.

Sasa Jumatatu akiwa ametoka, mvua ikaja na radi. Nilifanya vile mama yako alinifundisha nikiwa bibi harusi: nikafunika kioo cha ukutani, nikachomoa redio, nikachomoa kompyuta, na kile kioo chake nikakifunika na shuka. Halafu huko nyuma nikaona kaswichi kadogo. Nikakazima pia, radi isipate mlango. Mvua ilipoisha nilirudisha kila kitu, lakini hako kaswichi nikakasahau kabisa.

Jana saa tano Nyambura akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Hakuna taa, hakuna feni, imekuwa jiwe. Akajaribu soketi ya redio, akabadilisha waya na ile ya skrini, bado. Akachukua bisibisi, akafungua, akaanza kuchomoa vipande akivipanga kitandani. Aliniuliza tu kama stima ilipotea jana yake. Nikasema hapana.

Baba Nyambura, niliganda. Nilijua ni mimi nimeiua. Nikaona mtamba wako amelala hapo kitandani vipande vipande, na mdomo ukakataa kufunguka. Nilikata sukuma wiki ya kulisha kijiji kizima. Saa saba na robo mtoto akaketi chini, akashika simu, akasema anawaandikia hao watu kwamba hataweza.

Hapo ndipo nikasema. Nikasema yote, shuka, waya, na kaswichi ka nyuma.

Aliniangalia kama nimempiga kofi. "Mama. Swichi gani?"

Nikaonyesha na kidole kwa mbali, sikutaka kuguza tena.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alianza kurudisha vipande mbio, mimi nikimmulikia na simu, na sala zangu zote nikazimaliza hapo. Alipowasha kale kaswichi na kubonyeza, ikavuma kama kinu cha unga, na skrini ikaja. Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Hata kile kioo hakukirudisha.

Na hebu sikia. Hajafika katikati ya mtihani, mbingu ikanguruma huko juu ya Menengai. Mkono wangu ukanyooka wenyewe kwa soketi. Nyambura hata hakugeuka.

"Mathe, kaa chini."

Nikakaa. Nikaikalia mikono yangu yote miwili, radi inapiga, dirisha linatetemeka, yeye anaandika tu. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kumzaa.

Leo asubuhi wamemjibu. Anaanza Jumatatu. Aliponisomea nilikaa kwa ndoo ya maji bila kujua.

Nisalimie Kamau ndugu yako, na Tabitha jirani anayekusaidia kukamua. Mama yako mwambie nampenda, na lile somo lake la radi bado nimelishika, kioo cha ukutani hata jana mtihani ulipoisha nilikifunika. Lakini kompyuta haimo kwa hilo somo.

Ni mimi wako, ambaye siku hizi haguzi kitu chochote kwa nyuma,

Mama Nyambura