Shemeji Kaitwa Sairen

Jumapili

Na mimi nilidhani sairen ni king'ora cha gari la wagonjwa tu! Mdogo wangu Rukia alikuja kula nasi mchana, kapaka wanja mrefu unaokaribia nyusi. Mume wangu Athumani akamwambia, "Shemeji, leo wewe ni sairen!" Nikacheka, nikidhani anamtania kwa kelele zake.

Jikoni Rukia akanieleza kwa haya. "Dada, siku hizi sairen ni mwanamke ambaye macho yake yanavuta wanaume."

Athumani kalijulia wapi neno hilo? Mimi hajapata kuniita hata...

Rukia alipoondoka nikajipaka wanja kama wake. Athumani akauliza, "Mbona macho hivyo, Mama Swaleh? Yanakuuma?"

Nikasema ni moshi. Akaamini, akarudia simu yake.