Breki Yenye Huruma

Jumanne, Geita

Bado siiamini ile winchi ya kushusha na kupandisha ndoo ya watu na mawe shimoni, wala Masanja anayeiendesha.

Breki yake hubanwa na springi, na umeme ndio unaoiachia. Umeme ukikatika, springi inabana na ndoo inasimama palepale. Wachimbaji wanaichukia, maana wakiwa njiani kupanda hubaki wananing'inia gizani, wakitutukana sisi wa juu.

Leo umeme umekatika ndoo ikiwa na mawe kidogo. Haikusimama. Ilishuka polepole, kwa adabu, mpaka chini ya shimo. Watu wakashangilia.

"Baba Neema, umeona? Siku hizi haining'inizi mtu!" Masanja akacheka.

"Breki ikianza kuwa na huruma, mimi naanza kuogopa."

Nikainama, kwa shida, kwa sababu ya hiki kitambi kisichoniruhusu hata kufunga viatu. Kipande cha mti kilikuwa kimechomekwa penye springi, breki isibane sawasawa. Mawe kidogo yameshuka kwa adabu. Je, ingekuwa watu watatu?

"Nani kaweka hiki?"

Masanja akakuna kichwa. "Wachimbaji waliomba wenyewe, mzee. Kakichonga Shija."

Shija! Mdogo wangu wa tumbo moja, na kesho ndiye wa kwanza kushuka.

Nimekichomoa, kiko hapa mezani. Lakini Geita miti haijaisha, na Shija ana panga. Kesho, kabla hajagusa ndoo, nitaijaza mawe na kuzima umeme mwenyewe. Isiposimama, hashuki mtu.

Atanitukana. Na anitukane, ilimradi anitukane akiwa hai.