Makalavati ya Lihami

Lihami, 19 Novemba 2023

Mwanangu Adolf,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua asubuhi, likishapata jua linatulia. Natumaini wewe, Teddy na wajukuu zangu hapo Lipangalala hamjambo. Mwambie Teddy vitenge vilifika na kimoja nimeshakivaa kanisani.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inaita mpaka inakata, na siku ukipokea unasema, "Mama, niko kikaoni." Barua utaisoma ukitoka kikaoni. Nampa kijana wa bodaboda anayekuja mjini kuchukua mbolea.

Adolf, ni yale makalavati, yale mabomba ya zege ya kupitishia maji chini ya barabara. Siku lori lilipoyashusha ulisimama pale kijitoni mwenyewe, ukasema kabla ya Krismasi yatakuwa yamelazwa na gari litapita mpaka Michenga, mvua inyeshe isinyeshe. Watu wakakupigia makofi. Sasa nyasi zimeyafunika na mbuzi wanalala ndani. Kibaya zaidi, watu walipoyaona wakasema daraja la mbao halina kazi tena, wakaanza kubandua mbao, moja leo, nyingine kesho. Kuna zilizotumika kuezekea banda la nguruwe la jirani yetu Paskazia. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama Diwani, si mwanao analeta jipya?" Zimebaki nguzo tu. Tunavuka kwa kukanyaga mchanga kwa kuwa kijito kimekauka.

Redio inasema mvua za safari hii si za kawaida. Na Stumai, mke wa Amiri mwenye duka, ni mjamzito. Unakumbuka mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji. Muuguzi amemwonya asijaribu kujifungulia huku, lazima afike hospitali hapo mjini. Amiri anasema mwezi wa mwisho atamleta akae kwa shangazi yake. Mimi najiuliza, na maji yakiwahi?

Nijibu, mwanangu.

Mama yako

*

Ifakara, 10 Desemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mdogo alikuwa na mafua, sasa anacheza. Goti lako linanipa mawazo. Teddy anakutumia dawa ya kuchua pamoja na barua hii.

Mama, nakuomba uwaambie watu wawe na subira. Mambo ya halmashauri hayaendi kama ya nyumbani. Makalavati yapo, lakini kazi ya kuyalaza ni ya mkandarasi, na mkandarasi hawezi kuja bila kijiko, ile mashine ya kuchimbia, na kijiko kiko barabara nyingine. Nimelizungumza kwenye kikao. Limepokelewa. Kama halitawezekana sasa, litaingia bajeti ijayo.

Jambo jingine ni gumu kidogo kukuandikia. Nimesikia kwamba kwenye mkutano wa kijiji ulisimama ukauliza makalavati yako wapi. Wewe ni mama yangu. Ukisimama wewe, wapinzani wangu hawahitaji kusema kitu tena. Ukiwa na jambo niambie mimi.

Na kwa nini usije ukae nasi masika hii? Chumba kipo.

Mwanao,
Adolf

*

Lihami, 21 Januari 2024

Mwanangu,

Amani iwe nawe. Dawa nimeipata, inawasha lakini inasaidia. Mpunga wa kwanza umeshika vizuri. Nguruwe pori wanatusumbua, tunalinda kwa zamu.

Sitakuja Lipangalala. Nikija mimi, Stumai atakwenda wapi, na watoto wanaovuka kwenda shule Michenga watakwenda wapi? Chumba chako hakiwatoshi wote.

Na kuhusu mkutano, niliuliza kwa sababu nilikuwa nimekaa pale kama mwanakijiji. Nilikuzaa, sikukuzaa ili ninyamaze.

Sasa sikiliza habari njema. Mwenyekiti wetu Fulgensi aliitisha msaragambo tuchimbe mtaro wenyewe. Mara ya kwanza tulifika wachache, aibu tupu. Wanaume walikaa kwenye kibanda cha kahawa wakisema, "Tumechagua diwani wa nini?" Basi Fulgensi akaenda nyumba kwa nyumba. Nilimfuata, maana mimi wananionea haya. Hakugomba na mtu. Alisema tu, "Diwani amekosea, sawa. Wewe mke wako akishikwa na uchungu utampeleka diwani hospitali?" Safari ya pili walikuja wengi mpaka majembe yakapungua. Amiri ametoa saruji dukani kwake. Hata Paskazia alikuja, akapika uji wa wachimbaji.

Mtaro umekamilika, Adolf. Kilichobaki ni kuyavingirisha makalavati na kuyalaza. Tunachokuomba ni kidogo: tuletee mhandisi, hata kwa siku moja, atuonyeshe mwinamo na jinsi ya kuyafunga yasichukuliwe na maji. Mikono tunayo. Vuli haijakatika bado na chini mtaroni maji yameanza kutuama, kwa hiyo fanya haraka.

Mama yako

*

Ifakara, 6 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Hapa tunaendelea.

Nakuandikia kwa uzito. Tafadhali msome barua hii wewe na Mwenyekiti Fulgensi pamoja. Makalavati ni mali ya serikali. Wananchi wasiyaguse. Yakivunjika, nani atajibu? Yakilazwa vibaya, halmashauri itakataa kuyapokea na barabara itahesabiwa imeshatengenezwa. Hapo tutakosa vyote.

Halafu kuna mambo usiyoyaona ukiwa huko. Kuna watu wameshapiga picha za mtaro wenu na kuzisambaza, wameandika chini yake: "Diwani ameshindwa, wananchi wanajichimbia." Mwakani kuna uchaguzi. Nikisema kijiko kinakuja, kinakuja. Nipeni muda mpaka mwisho wa Machi.

Simamisheni kazi. Nawashukuru kwa moyo mliouonyesha.

Mwanao,
Adolf

*

Ifakara, 2 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pasaka imepita bila salamu yako, haijawahi kutokea. Simu ya Fulgensi haipatikani, ya Amiri haipatikani. Wanasema mnara wa upande wenu umezimika. Nimemsubiri kijana wa bodaboda sokoni, sijamwona.

Hapa mvua haikatiki. Lipangalala kuna nyumba zimeingiliwa na maji, sisi bado. Teddy ameinua magunia ya mchele juu ya meza.

Najua nilisema mwisho wa Machi. Kijiko kilipelekwa Mang'ula kwa kazi nyingine kikakwama huko. Sikuambiwa mapema.

Mama, nifahamishe tu kama u mzima. Barua hii nampa mwalimu mmoja anayejaribu kufika Michenga.

Mwanao,
Adolf

*

Ifakara, 20 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Sijui kama ile ya kwanza ilikufikia. Mwalimu alirudia njiani akasema ameiacha kwa watu wa Michenga.

Jumatatu nilikuja mwenyewe. Gari liliishia Michenga, nikatembea mpaka mahali barabara inapozama. Mbele ni maji tu, na vichwa vya mpunga vikionekana kwa mbali. Hata nguzo za daraja sikuziona. Nikaita. Kuna mtu alikuwa upande wa pili amesimama na mwavuli, akanitazama, hakunijibu. Labda hakusikia. Nilitafuta mtumbwi, mwenyewe akaniuliza, "Wewe si diwani?" Nikamwambia ndiyo. Akasema maji ni makali, hapeleki mtu.

Nilirudi nikaenda moja kwa moja kwa mhandisi wa halmashauri. Nilitaka kumgombeza mtu. Nikamwambia watu wangu walichimba mtaro tangu Januari na walihitaji msaada wa siku moja. Akaweka kalamu chini, akasema, "Mheshimiwa, mbona hukuniambia? Ningekwenda na pikipiki."

Sikuwa nimemuuliza, mama. Nilimuuliza habari za kijiko na mkandarasi, nikauliza nani amepiga zile picha. Ombi lenu lilibaki mfukoni mwangu.

Stumai amefika mjini? Kwa shangazi yake Amiri sipajui. Teddy ameuliza kwa watu, hakuna anayejua. Sili vizuri. Nikisikia mlango unagongwa nadhani ni mtu ametumwa kutoka huko, halafu naogopa kwenda kufungua.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Adolf

*

Lihami, 12 Mei 2024

Mwanangu Adolf,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mzima. Barua zako zote mbili nimezipata jana, kwa pamoja, zimelowana. Maji yamepungua na mtu akijikaza anavuka.

Nakueleza mambo kama yalivyokuwa.

Barua yako ya Februari niliisoma mbele ya watu. Fulgensi alitaka tuendelee. Alisema, "Tukiyavunja nitafungwa mimi." Mimi ndiye niliyesimama nikasema tumsikilize diwani, anajua zaidi. Watu wakaweka majembe chini, na nadhani wengine walifurahi kupumzika. Mvua kubwa ilikuja kabla hujamaliza muda uliouomba, ikaula mtaro kingo zote, ukawa mpana kama mto mwingine.

Stumai alikuwa ameshafunga mizigo yake aje mjini wiki ile ile. Uchungu ukamtangulia asubuhi, kabla siku zake hazijatimia. Wanaume wakambeba kitandani mpaka majini. Aliyeingia wa kwanza maji yalimfika kifuani, akasombwa, wakamvuta kwa kamba. Tukakaa pale ukingoni, sisi wanawake tumemshikia turubai juu, tunapiga kelele upande wa pili walete mtumbwi. Stumai alinishika mkono. Aliniuliza, "Mama Adolf, wanakuja?" Nikasema wanakuja. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka akaacha kuuliza.

Mtumbwi ulifika alasiri. Hospitali walimwokoa yeye. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshafariki.

Stumai alilazwa hapo hapo Ifakara, Adolf, siku zile ulizokuwa ukiuliza. Amiri alikuwa akimpelekea uji kila asubuhi na njia yake ilipita mbele ya ofisi yako. Nilimuuliza kwa nini hakuingia. Akasema, "Ningeingia nikamwambie nini?" Walirudi juzi. Mtoto walimzika huko mjini.

Jana Fulgensi aliitisha mkutano. Hapakuwa na kelele. Mmoja alianza kukulaumu, Fulgensi akamwacha amalize, halafu akamuuliza alikuwa wapi siku ya msaragambo wa kwanza. Akakaa. Paskazia alisimama akasema kuhusu zile mbao alizoezekea banda lake. Nami nilisema langu. Watu walitaka kunizuia wakidhani wananiheshimu, nikawaambia waniache niseme.

Lakini usije ukafikiri kwamba tukishagawana lawama, fungu lako limekuwa dogo. Sisi hatukuomba uongozi. Wewe ulikuja kwenye milango yetu yote kuomba tukupe, na ulipopewa ukaanza kuulinda badala ya kutulinda sisi. Hayo nakuambia mimi ili usiyasikie kwanza kwa mtu asiyekupenda.

Jumamosi ijayo tunaanza kuchimba upya. Makalavati mawili yamehamishwa na maji, mengine ni mazima. Umeandika kwamba mhandisi angekuja na pikipiki. Basi panda nyuma yake. Usije na gari, usije na watu wa kupiga picha, wala usije na hotuba. Kijiko kikipatikana siku nyingine, tutakishukuru.

Nimemwambia Amiri kwamba nakuita. Alikuwa anapanga sabuni kwenye rafu, hakugeuka. Baadaye akasema, "Akija nitampa mkono." Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Atakuwa ametoka mbali, mama. Siwezi kumwacha asimame tu."

Nimekaa na maneno hayo tangu jana, yananitia hofu kuliko kama angesema atakupiga. Sijui utamtazamaje. Sijui mimi nitasimama wapi wakati huo. Lakini njoo, mwanangu, uupokee huo mkono.

Mama yako,
Serafina