Kompyuta Msiiguse

Kompyuta haiwaki. Inaishia kwenye kioo cheusi.

Mama watoto, binti yako asiweke programu upya, fundi kasema itafuta hata kilichobaki. Anakuja saa nane, mfungulie.

~~Mwambie binti umeme ulikatika.~~

Hapana, ni mimi. Asubuhi nilitafuta nafasi ya picha za wateja, nikaona sehemu kubwa ya diski haina jina, nikaifuta. Kumbe ndimo binti alimoweka mfumo wake wa kuendesha kompyuta, na ndio uliokuwa unawasha na wangu. Nilisimama mlangoni kwake viatu mkononi, nikaondoka bila kubisha hodi. Nikibaki namwona, nikitoka namkimbia. Cheka tu, kiherehere changu unakijua.

Picha zangu zitarudi zote. Kazi yake ya chuo fundi hakuahidi. Kurasa tisini, miezi saba, na anakabidhi Ijumaa.

Baba