Zulia la Nailoni

Jumanne, Jedda

Na bado nikasema shukran. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Daktari alimwambia madam, mwajiri wangu, kwamba harufu ya zulia la sebuleni, lile la nailoni, ndiyo inayomkohoza mtoto wake, Lulu. Wiki nzima madam amekuwa akitafuta zulia lisilo na dawa wala rangi za kiwandani. Leo limeletwa la mkonge, mkonge kama ule uliomchubua mama yangu mikono kule Voi. Nimelitandika mwenyewe.

La zamani nilidhani linatupwa. Madam akaniambia, "Weka chumbani kwako. Sakafu yako ina baridi." Hapo ndipo niliposema shukran.

Chumba changu hakina dirisha. Koo limeanza kuniwasha, na naogopa kusema. Mfanyakazi mgonjwa hurudishwa kwao.

Jioni Lulu akanifuata kama kawaida yake, akajilaza juu ya zulia alilolizoea. Madam akaja mbio, akamnyanyua.

"Halas, basi, asiingie humu tena. Hewa ya humu itamrudishia kifua."

Akatoka naye, akafunga mlango ili harufu isiwafuate.

Mimi nilikuwa ndani.