Kimeng'enya Changu Hakijafa

Jumatatu, 3 Machi
Maabara, Ruiru. Jeli ya kupimia DNA inaganda kwenye trei. Rangi ya kuifanya DNA ionekane nimeitia humohumo mapema, kama siku zote, kuokoa muda. Kesho napima kimeng'enya changu. Changu kabisa. Nimekitoa mwenyewe kwenye bakteria, wenzangu wakiagiza cha ng'ambo na kunicheka.

Naipenda kazi yake. DNA ikisokotwa kupita kiasi hujikunja yenyewe, seli ikashindwa kuisoma. Kimeng'enya hukata uzi mmoja, hushika ncha isipotee, hupitisha uzi wa pili kwenye mwanya, kisha huunga. Hakiachi kovu.

Jumanne, 4 Machi
Umeme ukipita, DNA iliyosokotwa hukimbia kwenye jeli. Iliyolegea hujikokota. Leo zote zimekimbia sawa, iliyotiwa kimeng'enya na isiyotiwa. Basi kimekufa. Nimekasirikia kila mtu, hata friji.

Alhamisi, 6 Machi
Dokta Mwangi, msimamizi wangu, amenipa jaribio moja la mwisho, Jumanne. Kikikataa, nibadilishe mada ya utafiti. Amesema kwa upole. Afadhali angefoka.

Nimefika nyumbani, mtaani Landless, sijala. Sibadilishi.

Jumapili, 9 Machi
Tumefua na Wambui, mdogo wangu. Blanketi zito, yeye upande ule, mimi huku, tunakamua. Nikalegeza upande wangu, nikageuka kuangalia sufuria. Kurudi, limejikunja tena. Nikadhani sikulegeza. Kumbe mwenzangu bado anasokota.

"Wewe Njeri, shika! Mbona umefreeze?"

Rangi! Hujipenyeza katikati ya DNA na kuisokota upya, ndani ya jeli. Kimeng'enya kililegeza vizuri. Mimi nikasokota tena kabla ya kuangalia. Mimi, na digrii zangu mbili! Nimecheka mpaka blanketi likaanguka kwenye matope. Wambui hakucheka.

Jumanne, 11 Machi
Jeli bila rangi. Nimeipaka rangi DNA ilipomaliza kukimbia, ndipo nikaiweka chini ya taa.

DNA peke yake: mstari mmoja, chini kabisa. DNA na kimeng'enya: mistari mingi, mmoja juu ya mwingine, inapanda. Kila mstari umelegea kuliko ulio chini yake. Kiko hai. Kimetengenezwa Ruiru na kiko hai!

Nilimwita Dokta. Alitazama, akavua miwani. Akaniuliza kama ninaweza kutengeneza kingine, cha wanafunzi wake. Mada yangu inabaki. Kichwa kimevimba na sijali.

Jumapili, 16 Machi
Kufua tena. Wambui amemwonyesha Mama Brayo, jirani yetu, picha ya jeli kwenye simu.

"Hii ni kazi ya siz yangu. Inakata, inalegeza, inaunga. Huwezi jua palipokatwa."

Mama Brayo aliona mistari tu. Akauliza kama ni ya hospitali. Wambui akaanza kueleza upya, polepole, bila kukosea.

Nilikuwa nimeshika upande wangu wa blanketi. Sikumharakisha.